Mafuta ya Kitani kwa Larysa

Kalynivka, Saskatchewan
9 Oktoba 2014

Binti yangu Larysa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la baba yako, na kitani tumemaliza kuvuna Jumamosi kabla theluji haijaanza kutuchezea. Wewe je, hali yako? Nijibu ukweli, usinijibu kama unavyomjibu padri.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mambo haya siyasemi kwenye simu. Unamjua baba yako. Tangu masikio yaanze kumsumbua, kila simu anaiweka sauti kubwa, na Jumapili ile uliposema neno hedhi alikuwa mezani na fundi wa trekta. Fundi alimaliza chai yake kwa mkupuo mmoja, akaaga. Kwa hiyo tuandikiane, posta bado ipo.

Tangu harusi ya binamu yako Taras sina raha. Nilikukuta chooni pale ukumbi wa kanisa, umejikunja sakafuni, gauni lile zuri limeloa jasho, na huku nje watu wanacheza polka. Ukaniambia una ugonjwa wenye jina refu. Nami nikakwambia inuka unawe uso, kila mwanamke anapitia hayo. Uliniangalia vibaya, Larysa, na bado naliona lile jicho.

Sasa sikiliza. Juzi redioni, kwenye kipindi cha wakulima, kulikuwa na mtaalamu anasema mbegu za kitani zina mafuta yanayotuliza uvimbe ndani ya mwili. Nikajisemea, sisi tunavuna kitani kwa magunia, halafu mtoto wangu analia Winnipeg? Nimekutumia chupa mbili za mafuta, baba yako kayakamua mwenyewe kwa ile mashine ya mkono ya bibi yako. Mbegu nimezisaga kwenye kinu cha kahawa, na sasa kahawa yetu ina ladha ya kitani na baba yako amenuna siku ya tatu leo. Vijiko viwili kila asubuhi kwenye uji. Vitunguu saumu nimeweka mafungu matatu. Usivipike, tafuna vibichi, na usijali watu watasema nini.

Kula, mwanangu. Chakula hakijamdhuru mtu.

Mama yako


Winnipeg
19 Oktoba 2014

Mama yangu,

Milele na milele, amina. Kifurushi kimefika, chupa hazikuvunjika, ila vitunguu saumu vimenukisha ghorofa yote na jirani yangu kaniuliza kama nafukuza mapepo. Nashukuru kweli. Mwambie baba mafuta yana ladha ileile ya kwa bibi, na asinune, nitamtumia kinu kipya cha kahawa.

Umeniuliza hali, nami nakujibu ukweli. Siku ishirini za mwezi naenda kazini na kurudi. Siku nyingine naenda kazini nikiwa nimefunga chupa ya maji moto tumboni kwa mtandio, chini ya koti. Unajua kazi yangu ni ya kusimama, nakata vioo vya miwani mashine ikiwa hapa kifuani. Marivic, yule dada wa Kifilipino tunayefanya kazi pamoja, akiniona nimebadilika rangi anachukua trei yangu bila kuniuliza, ananisogezea chai yake ya tangawizi. Mungu ambariki.

Ugonjwa wenyewe nakueleza kama nilivyoelezwa. Ndani ya kizazi kuna utando unaojijenga kila mwezi na kutoka na damu. Kwangu utando huo umeota na nje ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu, pale pembeni ya ovari. Kila mwezi nao unavuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea, basi vitu vinavimba na kugandamana. Unaitwa endometriosis. Mimi ilichukua miaka kumi na tano mpaka mtu aniambie jina hilo.

Kliniki wamenipeleka kwa mtaalamu wa lishe. Huyu ungempenda, ni mkali kama wewe. Anataka nipunguze nyama nyekundu na soseji za moshi (usimwambie baba), nile samaki, maharage, mboga za majani, na hizo mbegu zako alizisifia. Kanipa vidonge vya mafuta ya samaki, viwili kwa siku, magnesi ya kumeza jioni, na vitamini D, maana huku jua la majira ya baridi ni picha tu. Lakini alinikalisha chini akanionya kwamba chakula hakiuondoi ugonjwa huu. Kinaweza kupunguza makali, basi, na kwa wengine hakipunguzi.

Kwa hiyo habari kubwa ni hii. Nimepata nafasi ya upasuaji, tarehe 20 Januari. Nimeingojea miezi kumi na minne. Wanatoboa vitundu vidogo, wanaingiza kamera, wanakata kila kilichoota mahali pasipo pake. Ningependa uje, Mama. Huna haja ya kufanya kitu, ukae tu pale.

Na nina ombi. Usiniambie tena kila mwanamke anapitia hayo. Nimelisikia neno hilo kwako tangu nina miaka kumi na mitano, na kila ukilisema najiona mwongo au mvivu. Ukitaka kunipa kitu, niamini.

Mwanao,
Larysa


Kalynivka
2 Novemba 2014

Larysa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku wazima, theluji imeshafika kwenye madirisha ya ghala. Baba yako amepokea kinu na sasa anasaga kahawa mara nne kwa siku ili tu kukionyesha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Huyo mtaalamu wa lishe anaongea vizuri, isipokuwa pale anapokata tamaa mapema. Ni msichana wa miaka mingapi? Mbona wazee wetu walikula hivyo na hawakupasuliwa? Angalia, mfungo wa Krismasi unaanza tarehe 28. Hakuna nyama, hakuna siagi, hakuna maziwa, wiki sita nzima, na mafuta ya kitani juu ya kila kitu, juu ya viazi, juu ya kabichi iliyochacha, juu ya mkate. Si ndiyo dawa yenyewe hiyo anayoisema? Funga mwaka huu, mwanangu, funga sawasawa, usifunge kama ulivyofunga ulipokuwa chuo. Ongeza kijiko cha asubuhi na kijiko cha jioni. Manjano nimekuwekea, Halia wa kanisani anasema dada yake aliacha kutembelea fimbo kwa ajili ya manjano. Na hayo mafuta ya samaki, kama vidonge viwili vinasaidia, basi vinne vitasaidia zaidi.

Kuhusu huo upasuaji, mimi sisemi kitu. Nasema tu kwamba bado una miezi miwili na nusu, na mwili ukilishwa vizuri unajirekebisha. Kisu hakina haraka. Kikishakata kimekata. Ukienda kwa daktari mwezi wa kwanza ukamwambia sisikii tena maumivu, si atakurudisha nyumbani? Nawaomba watakatifu wote iwe hivyo.

Kuja sidhani. Ng'ombe wawili watazaa Januari, na baba yako na lile goti. Lakini kila Alhamisi nikiwa kwenye chumba cha chini ya kanisa na wenzangu tunafinya vareniki, unga nje na viazi ndani, nakutaja moyoni kwa kila ninayoifunga, na unajua tunafunga mia sita mpaka saa sita mchana.

Vaa soksi za sufu.

Mama yako


Winnipeg
7 Desemba 2014

Mama,

Milele na milele. Natumaini nyote wazima na goti limetulia. Mimi nimefunga, ndiyo. Ungenicheka. Marivic alileta keki ya siku yake ya kuzaliwa, nikamwambia siwezi, ina siagi, akaniuliza dini yangu ina chakula gani cha furaha. Nikamwonjesha viazi na mafuta ya kitani. Alimeza kwa adabu.

Nimeanza daftari. Mtaalamu wa lishe alitaka niandike nilichokula na maumivu kwa alama, sifuri mpaka kumi. Nakunakilia kidogo. Jumatatu: uji, kitani, samaki, nne. Jumanne: maharage, kabichi, kitani, nne. Jumatano: tatu. Nikafurahi ile tatu mpaka nikaimba nikioga. Alhamisi: chakula kilekile, tisa. Nilitambaa kutoka kitandani mpaka bafuni. Ijumaa: tisa. Jumamosi sikuandika.

Sitaki kuwa mkosefu wa shukrani. Magnesi inanipa usingizi, hilo nalikubali waziwazi. Siku za kati zimekuwa nyepesi, tumbo halijai gesi kama zamani tangu niache ngano nyingi. Lakini damu ikija, ni ileile. Nilipoona tisa nikajiambia labda sijafunga vya kutosha, labda ule mkate wa kazini ulikuwa na maziwa. Nikaongeza kitani vijiko vinne, samaki vidonge sita. Nakula vitunguu saumu vitano kwa siku, na kwenye basi nakaa peke yangu kama malkia.

Mama, naogopa kitu kimoja. Ulivyoandika, inaonekana nikifika mezani kwa daktari itakuwa nimeshindwa mtihani wa chakula. Sitaki kushindwa, ndiyo maana najitahidi hivi. Nataka ukija kuniona useme umejitahidi, Larysa. Fikiria tena kuhusu kuja. Ng'ombe wanaweza kuzaa mbele ya baba.

Krismasi siwezi kuja nyumbani, naweka siku zangu za likizo kwa ajili ya upasuaji. Niwekee sahani yangu mezani hata hivyo.

Mwanao,
Larysa


Winnipeg
14 Januari 2015

Mama,

Salamu kwako na kwa baba. Upasuaji umeahirishwa.

Jana nilikwenda kwa vipimo vya mwisho. Nesi alipochomoa sindano mkononi, damu ikakataa kukata. Alibonyeza pamba, akabonyeza tena, akaita mwenzake. Kisha akaniomba nipandishe suruali. Miguuni nilikuwa na mabaka ya buluu ambayo nilidhani najigonga kwenye mashine. Akaniuliza, dada, unatumia nini?

Mwezi uliopita hospitali walinipigia simu wakaniuliza swali hilohilo, dawa zote, mitishamba yote, virutubisho vyote. Nikataja dawa za maumivu, na hizo walinieleza lini niziache, nikaziacha. Nikataja magnesi na vitamini. Mengine sikutaja. Sikuficha, Mama, haikunijia akilini. Mafuta ya kitani ni mfungo. Ni mtu gani wa kwetu angemwambia daktari kwamba anakula mafuta ya mfungo? Ni kama kumwambia ninakula mkate. Na vitunguu saumu, na manjano yaliyomo kwenye supu, na zile vitamini E ulizotia kwenye kifurushi cha Krismasi pamoja na soksi. Kwangu vyote vilikuwa vimetoka jikoni kwako.

Daktari Penner, yule wa kunipasua, akaja mwenyewe. Ni mwanamke mtulivu sana. Akanihesabisha kila kitu kwa vidole, na vidole havikutosha. Hakunigombeza. Alisema kimoja kimoja pengine kisingekuwa tatizo, na hata vyote pamoja hana hakika kwamba ndivyo vilivyoifanya damu iwe nyepesi. Lakini anakwenda kukata karibu kabisa na utumbo na kibofu, na hawezi kubahatisha. Niache kila kitu, wanipime upya. Nafasi iliyopo ni tarehe 10 Machi.

Hiyo ni hedhi mbili nyingine. Wewe unahesabu wiki, mimi nahesabu hedhi.

Niliketi kwenye kituo cha basi nikalia mbele za watu. Nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, halafu nikawa na hasira na wewe, na bado ninayo. Hukutaka nipasuliwe. Uliniombea kwa watakatifu daktari anirudishe nyumbani, na kweli kanirudisha. Sijui unaogopa nini, kwa kuwa anayelala sakafuni ni mimi. Usinitumie kitu kingine chochote.

Larysa


Kalynivka
12 Februari 2015

Binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sikuulizi hali kwa mazoea tu, nauliza kwa sababu wiki nne sijui. Hukuandika na mimi sikuandika. Karatasi ilikuwa mezani siku zote hizo. Ninaandika jina lako, ninanyanyuka kwenda kulisha kuku.

Barua yako niliiacha wazi karibu na kikombe cha baba yako, maana kumwambia kwa mdomo sikuweza. Aliisoma akiwa amesimama. Akatoka, akaenda akaifunika ile mashine ya mafuta kwa turubai, akarudi, akasema, tumemponza mtoto, Pavlina. Hakusema umemponza. Angesema hivyo ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia.

Nisamehe, Larysa. Nilikulisha kama mtu anayejaza kuni jikoni bila kuangalia moto umefika wapi. Nilisikia neno moja redioni nikaacha kusikiliza mengine. Huyo mtaalamu wako alikupa vidonge viwili, mimi nikakwambia vinne, kwa cheo gani nilichonacho? Na wewe ukavifanya sita kwa kunifurahisha. Hilo ndilo linalonikaba.

Leo ni Alhamisi, nimetoka kanisani sasa hivi, unga bado uko kwenye nywele. Unaijua sheria ya meza yetu, hatuzungumzi magonjwa tukiwa tunafinya, eti vareniki zitapasuka kwenye maji. Miaka yote hiyo tumezungumza harusi, mvua, bei za mbegu na wake za watoto wa wenzetu. Leo nikasema. Nikasema binti yangu Larysa ana ugonjwa wa kizazi unaomlaza sakafuni, nami nimemwambia uongo kwamba ni kawaida. Nani kati yenu alikuwa analala sakafuni?

Mikono ikasimama. Halia akasema, Pavlina, unga utakauka. Lakini Melania, mwenye miaka themanini na moja, akaweka kijiko chini. Akasema yeye alikuwa analala ghalani juu ya magunia ili mume wake asimsikie akilia, na kwamba siku ya mavuno alifunga mkanda wa ngozi tumboni akaendesha lori. Hakuwahi kumwambia mtu. Halia mwenyewe akaanza kulia, kwa ajili ya dada yake, yule wa fimbo. Fimbo haikuwa ya goti, Larysa, ilikuwa ya maumivu hayahaya. Tukawa watatu mezani tunaojua. Walikutaja kwa jina lako, wakaulizia tarehe, na Melania akasema wewe ni jasiri kwa kuwa umelisema kwenye choo cha kanisa, yeye hakuweza kulisema hata kwa kuku.

Kisha akanigeukia akaniuliza, na wewe je, Pavlina? Nikasema hapana, nikaendelea kufinya.

Vareniki zilipasuka saba, kama Alhamisi zote.

Sikutumii kitu. Kama bado una hasira, kaa nayo, ni yako kihalali. Lakini niambie jambo moja, je, ule mwaliko wa kuja bado upo?

Mama yako


Winnipeg
22 Februari 2015

Mama yangu mpenzi,

Milele na milele, amina. Niko hai. Nimeisoma barua yako kwenye basi nikapitiliza kituo.

Hasira imepungua, sijui ilikwenda lini. Niliandika vibaya na wewe unisamehe. Hukunishikia kijiko mdomoni, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja na ninajua kusema hapana. Nilitaka sana dawa yako ifanye kazi kwa sababu ni yako.

Nimeacha kila kitu tangu siku ile. Damu wamepima, iko sawa. Hedhi ya mwisho ilikuwa mbaya, sitakudanganya. Nililala siku mbili, Marivic alikuja na sufuria ya uji wa mchele na tangawizi kidogo sana, baada ya kumpigia nesi kuuliza kama tangawizi inaruhusiwa. Anasema familia yetu imemfundisha kuogopa mboga. Mtaalamu wa lishe amesema baada ya upasuaji tutaanza upya, polepole, kitu kimoja kimoja, na kila kitu kitaandikwa na daktari akione. Kitani kitarudi, usihuzunike. Kijiko kimoja.

Mbusu Melania. Mwambie nimemkumbuka nikiwa nimelala.

Mwaliko upo. Ulikuwepo tangu Oktoba. Usilete chakula, jilete wewe.

Mwanao,
Larysa


Winnipeg, hospitalini
10 Machi 2015

Larysa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo sikuulizi hali, hali yako wanaijua wao huko ndani. Wamekuchukua saa mbili asubuhi na sasa ni saa tano na robo. Nimeomba karatasi kwa binti wa mapokezi, kanipa hizi zenye mistari. Mikono yangu haijui kukaa bure.

Jana usiku nilitaka kukwambia jambo hili jikoni kwako, ulipokuwa unanionyesha jinsi ya kufungua kitanda cha sofa. Nikashindwa. Uso kwa uso mimi siwezi, ila kwa kalamu tumezoeana. Utaisoma ukiamka, na nitakuwa nimekaa hapo.

Ugonjwa wako ni wangu. Nilikuwa nao. Ulinianza nikiwa na miaka kumi na minne, na mama yangu akaniambia kila mwanamke anapitia hayo, na mimi nikaamini mimi ni dhaifu kuliko wasichana wote wa Kalynivka. Wewe ulikuja baada ya miaka sita ya ndoa, tulikuwa tumeshakata tamaa. Ulipotimiza miaka miwili nilianguka kwenye shamba la kitani, baba yako akanibeba mpaka hospitali ya mjini. Nilipozinduka nikaambiwa wametoa kizazi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyeniuliza. Pengine ilibidi, sijui, hakuna aliyenieleza. Watu tuliwaambia ni kidole tumbo.

Kwa hiyo wenzangu wana watoto watano, sita, na mimi nina wewe, na kwa miaka mingi kwenye meza ile ya vareniki walinitania kwamba Pavlina ni wa kisasa, anajua kupanga. Nikacheka nao. Ndiyo maana Melania aliponiuliza nilisema hapana. Nimesema hapana kwa miaka karibu thelathini, na ulimi ulikwenda wenyewe.

Uliandika hujui naogopa nini. Basi ndicho hicho. Uliponiandikia neno upasuaji nilijiona mimi kwenye kile kitanda nikipapasa tumbo. Nikadhani nikikulisha vya kutosha hawatakufikia. Kila chupa niliyofunga nilikuwa nafunga hofu yangu mwenyewe, na wewe ukainywa.

Na kuna baya zaidi, lazima uniruhusu niliseme. Ulipokuwa na miaka kumi na mitano, wakati wa mavuno, uliniambia huwezi kupanda lori, nami nikakupandisha. Jioni nikakuta kiti kimeloa damu. Nilikiosha peke yangu kwa maji baridi kabla baba yako hajaingia, na nikakaa kwenye ngazi ya lori nikalia, kwa sababu nilijua ni nini. Kesho yake nikakwambia kila mwanamke anapitia hayo. Nilikuwa nasema uongo, mwanangu. Nilijua si kila mwanamke. Nilijua ni mimi, na sasa ni wewe. Uliniomba nikuamini. Nilikuamini tangu siku ile ya lori, nikakuacha uamini kwamba sikuamini.

Baba yako anajua yote, alikuwepo. Hajawahi kulitaja hata mara moja, kwa kuniheshimu. Asubuhi ya jana alinipeleka kwenye basi, akanipandishia begi, akasema, mwambie mtoto. Basi.

Nimesimamisha kalamu kidogo, Daktari Penner alikuwa hapa. Ametoka na kofia yake bado kichwani. Wamemaliza. Alivitoa vilivyokuwa kwenye utumbo na kwenye kibofu, ilichukua muda kuliko walivyotegemea kwa sababu vilikuwa vimegandamana. Kizazi chako kipo. Ovari zote mbili zipo. Nilimwomba arudie, akarudia, hakuchoka. Hakuahidi kwamba hayatarudi, alisema atakufuatilia, na wewe utaendelea kujitunza, chakula kikiwemo. Kisha akaniambia, binti yako amevumilia maumivu ambayo ni vigumu mtu mwingine kuyafikiria.

Nikamwambia mimi siyafikirii, nayajua. Nikamwambia, nilikuwa nao na mimi. Nililisema pale kwenye korido, watu wanapita na vikombe vya kahawa. Akaketi karibu yangu, akanishika mkono, akaniuliza kama wewe unafahamu. Nikasema bado, namwandikia.

Nesi ananiita. Anasema umefungua macho na unauliza mama yuko wapi. Naja, Larysa.

Mama yako